Kati ya Majivu na Mbegu: Siku za Kabla ya Pasaka Nyakasanza

Mwaka 2003 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi. Kesho yake, tarehe 6, jeshi la Uganda pamoja na wanamgambo waliokuwa upande wake liliwafukuza wapiganaji wa UPC, kundi lenye silaha la Thomas Lubanga, kutoka mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo. Waandishi wa vita vya Ituri wanaikumbuka tarehe 6, na wana haki, kwa sababu siku ile mji ulibadili wenyewe. Tarehe 5 wanaipita kimya, kana kwamba majivu kwenye paji la uso ni habari ya sakristia peke yake. Makala haya yanatetea jambo moja: kwamba huku Nyakasanza, na katika Ituri nzima, wiki zile zinazotangulia Pasaka ndizo bawaba ya mwaka, kwa kuwa ndipo kaya inapoamua kiasi cha maharage cha kula na kiasi cha kuzika ardhini. Anayetaka kujua vita vilitugharimu nini asihesabu risasi tu. Na ahesabu mbegu.

Tuanze na ardhi na mvua. Bunia ipo kama digrii moja na nusu kaskazini mwa ikweta, juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, magharibi mwa Ziwa Albert. Nyakasanza, moja ya komini tatu za mji pamoja na Mbunya na Shari, inapata mvua na vumbi lilelile la nyanda za Irumu na Djugu zinazoizunguka. Kiangazi hukaza kati ya Desemba na Februari. Nyasi hukauka, vilima huchomwa, na upepo husambaza masizi hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Machi mvua hurudi, na jembe hurudi nayo. Mahindi, maharage na karanga hupandwa Machi na Aprili ili yavunwe Juni na Julai, kisha msimu wa pili huanza Agosti na Septemba. Kwa hiyo, ingawa watu husema kwamba kwenye ikweta hakuna majira ya kuchipua, Ituri inayo, na yanaangukia palepale yanapoangukia kaskazini ya mbali. Hali hiyo haiko Kongo nzima. Lubumbashi, iliyo mbali kusini mwa ikweta, huipokea Pasaka wakati mvua inaaga na mahindi yanakomaa. Pasaka ya Lubumbashi ni ya mavuno. Ya Bunia ni ya kupanda.

Kulinganisha kutasaidia. Kila msomaji wa kitabu cha Ufunuo analijua jina la Patmo, kisiwa kidogo cha Ugiriki ambako Yohane anasema alipata maono. Kisiwa kile bado kina watu, na kama visiwa vyote vya Kigiriki kina desturi zake za kabla ya Pasaka. Katika Kwaresima Kuu Waorthodoksi huacha nyama, mayai, maziwa na jibini. Hula dengu na maharage, zeituni, pweza na viumbe vya baharini visivyo na damu, na majani ya porini yaliyoota kwa mvua za baridi ambayo wanawake huyachuma vilimani. Kuta hupakwa chokaa. Alhamisi Kuu mayai hutiwa rangi nyekundu, na Patmo yenyewe siku hiyo huigiza hadharani Yesu akiwaosha wanafunzi miguu. Ukizitazama desturi hizo kwa jicho la mkulima, utaona zina akili ya shamba. Mwishoni mwa baridi ghala huwa limepungua, mwana-kondoo bado ananyonya, kuku ndiyo kwanza anaanza kutaga. Kumla mnyama wakati huo ni kuula mwaka unaokuja. Uhaba ulikuwapo kabla ya Kanisa. Kanisa liliukuta mezani, likaupa maana na likaupa mwisho wenye furaha.

Je, Kwaresima yenyewe ilifikaje Ituri? Kwa njia zaidi ya moja. Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mwanglikana kutoka Buganda, alifika Boga, katika Irumu ya leo, mwaka 1896. Alipigwa, akashitakiwa, akafungwa, akarudi tena, na alipofariki mwaka 1933 alizikwa palepale Boga. Wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia kupitia upande wa Mahagi mwaka 1912, na kazi yao ndiyo iliyozaa kanisa linaloitwa leo CECA-20. Wakatoliki waliletewa imani na Mapadre Weupe. Vikarieti ya Ziwa Albert iliundwa mwaka 1933 na ikawa Jimbo la Bunia tarehe 10 Novemba 1959, miezi michache kabla ya uhuru. Mapadre hao walikuja na kanuni ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao: mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne. Kilele cha mafundisho hayo kilikuwa Pasaka, na baada ya Papa Pius wa Kumi na Mbili kulirudisha Kesha la Pasaka usiku, kwa majaribio mwaka 1951 na kwa sheria mwaka 1955, wakatekumeni walianza kubatizwa gizani kwa mwanga wa mshumaa mpya. Kwa maneno mengine, wiki za mwisho za kumwandaa Mkristo mpya zilikuwa wiki zilezile za kulima na kupanda.

Hapa pingamizi la kwanza linajitokeza, nalo ni la haki. Mtu atasema: hayo yote ni ya kuletwa. Kalenda iliundwa na maaskofu wa Bahari ya Kati, ikasafirishwa na wazungu, ikabandikwa juu ya Walendu, Wahema, Waalur, Wabira na wengineo ambao walikuwa na njia zao za kuhesabu miezi. Kulingana kwake na mvua zetu ni bahati nasibu. Ni kweli kwamba hakuna askofu wa karne ya nne aliyeifikiria mvua ya Djugu. Lakini asili ya kitu haiamui maisha yake. Mahindi na muhogo navyo vililetwa, kutoka Amerika, na leo hakuna mtu Bunia anayeuita bukari, yaani ugali, chakula cha wageni. Mmea mgeni ukikuta udongo unaoufaa hushika mizizi, usipoukuta hufa. Kwaresima ilikuta huku jambo ambalo wakulima walilijua kabla ya padre wa kwanza, nalo ni kwamba harage la chungu na harage la shamba ni harage lilelile. Mwezi Machi mama hukaa mbele ya gunia lililobaki. Akiwapikia watoto lote, Juni hatavuna. Akilizika lote, Aprili watalala njaa. Kufunga, kabla hakujaitwa kufunga, kulikuwa kuacha kuila mbegu. Mhubiri aliyesimama mbele ya watu hao kuwaambia wajinyime siku arobaini ili wapate uzima hakuwaambia lugha ngeni.

Tazama pia kinachopikwa. Chakula cha Kwaresima cha Nyakasanza hakikutungwa na mtu, kimetokana na majira. Muhogo una sifa ambayo nafaka haina: hukaa ardhini miezi mingi baada ya kukomaa, ukingoja kuchimbuliwa. Ndiyo maana ghala linapopungua bukari wa muhogo hubaki. Majani yake hupondwa kwenye kinu yakawa sombe, na mawese au karanga zilizosagwa zikiongezwa, mtu anasahau nyama. Mvua za kwanza huotesha lengalenga hata pasipopandwa, pembeni mwa nyumba na kwenye vijia, na huchumwa baada ya wiki chache tu, kama majani yale ya vilima vya Patmo. Ijumaa, siku ya Njia ya Msalaba, anayeweza hununua samaki. Samaki huyo, mbichi, mkavu au wa chumvi, hupanda kutoka Kasenyi na Tchomia kwenye mwambao wa Ziwa Albert, akifuata barabara inayopita Bogoro. Hivyo meza ya siku za kabla ya Pasaka inategemea mambo matatu yaliyo nje ya kuta za kanisa: mvua ya Machi, shamba lililo salama, na barabara ya ziwani iliyo wazi. Kila moja kati ya matatu hayo lina historia, na mwaka 2003 mawili ya mwisho yalivunjwa kwa pamoja.

Turudi basi kwenye mwaka huo, tuufuate kwa kalenda ya watu badala ya kalenda ya majeshi. Tarehe 24 Februari, siku tisa kabla ya Majivu, wanamgambo walikishambulia kijiji cha Bogoro na kuwaua wakazi wake. Miaka kumi na mmoja baadaye, Machi 2014, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia Germain Katanga hatiani kwa mchango wake katika shambulio hilo. Umuhimu wa kijeshi wa Bogoro ulitokana na mahali kilipo, juu ya barabara ya Bunia na Kasenyi, na barabara hiyo ndiyo ya samaki. Kisha ikaja Machi 6 na mji ukabadili wenyewe, wiki ileile ambayo jembe lilipaswa kutoka nje. Tarehe 3 Aprili, Alhamisi ya juma la nne la Kwaresima, Drodro na vijiji vya jirani, kaskazini-mashariki mwa Bunia, vilivamiwa na mamia ya watu wakauawa. Kesho yake, tarehe 4, Tume ya Upatanisho ya Ituri ilifungua vikao vyake Bunia. Na Jumapili iliyofuata, tarehe 6, Injili iliyopangwa kusomwa katika makanisa ya Kikatoliki duniani kote ilikuwa ile ya Yohane kuhusu punje ya ngano, isiyozaa mpaka ianguke ardhini na kufa. Mahali pengine somo hilo lilikuwa mfano. Kwa mkulima aliyeikimbia Drodro akiacha shamba lililolimwa bila kupandwa, lilikuwa hesabu.

Tume ilifunga kazi yake tarehe 14 Aprili, Jumatatu ya Juma Kuu, ikiwa imekubaliana juu ya utawala wa mpito. Pasaka ilikuwa tarehe 20. Siku tano baadaye, furaha ya Pasaka ikiwa haijatimiza juma, jeshi la Uganda lilianza kuondoka, na tarehe 6 Mei lilikuwa limekwisha kuuacha mji. Askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwapo, wengi wao kutoka Uruguay, walikuwa mamia tu na hawakuweza kuzuia mapigano ya kuugombea mji. Maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa ndege na makao ya MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Wengine walikimbilia kanisani. Tarehe 10 Mei wanamgambo waliingia katika parokia ya Nyakasanza na kuua watu waliokuwa wamejificha humo, wakiwamo mapadre wawili. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Jumapili ya nne ya Pasaka, ambayo Kanisa Katoliki huiita Jumapili ya Mchungaji Mwema. Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484 tarehe 30 Mei, na kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa, Operesheni Artemis, kilifanya kazi mjini kuanzia Juni hadi mwanzo wa Septemba. Vikosi viliokoa mji. Havikuweza kuokoa mavuno, kwa sababu harage lisilopandwa Machi halivunwi Juni, hata ulinzi uwe mkali namna gani. Gharama ya Kwaresima ile iliendelea kulipwa muda mrefu baada ya bunduki kunyamaza.

Pingamizi la pili husema kwamba Nyakasanza ni mji, si kijiji. Watu wake ni walimu, wachuuzi, madereva wa pikipiki na watumishi wa ofisi, na Kwaresima ya jembe haiwahusu. Jibu liko sokoni. Mji usiolima hununua, na anayenunua huumia kabla ya anayelima, kwa kuwa hana muhogo unaomngoja ardhini. Tena mpaka kati ya mji na shamba huku ni mwembamba: kaya nyingi zina bustani pembeni mwa mji au ndugu kijijini wanaowatumia gunia. Pingamizi la tatu ni la dini. Waprotestanti wengi hawaifuati Kwaresima kwa siku arobaini, na Waislamu wana Ramadhani yao inayozunguka mwaka mzima. Ni kweli. Ila hoja yetu haitegemei nani anapakwa majivu. Mwanglikana wa Boga, mshirika wa CECA-20, Mwislamu wa sokoni na Mkatoliki wa shirika lake la mtaani hungoja mvua moja. Kwaresima imelipa jina jambo ambalo wote wanaliishi. Anayeliita kwa jina hilo na asiyeliita, gunia lake limepungua vilevile.

Pingamizi la nne lina uzito zaidi, nalo ni la tarehe. Pasaka huhama. Kwa desturi iliyotokana na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, huwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa mwanzo wa majira ya kuchipua, na katika kalenda yetu inaweza kuangukia siku yoyote kuanzia 22 Machi hadi 25 Aprili. Mwaka 2008 ilikuwa tarehe 23 Machi, na Kwaresima yake ikaanza 6 Februari katikati ya kiangazi. Mwaka 2011 ilikuwa 24 Aprili, na Kwaresima yote ikawa ndani ya mvua. Basi tunawezaje kuifunga na jembe? Tufanye hesabu. Jumatano ya Majivu haiwezi kuchelewa kupita tarehe 10 Machi, na Pasaka haiwezi kuwahi kabla ya tarehe 22. Kwa hiyo kuanzia tarehe 10 hadi 21 Machi, kila mwaka, bila kukosa hata mmoja, tumeshayafikia Majivu na hatujaifikia Pasaka. Siku hizo kumi na mbili ziko ndani ya mwezi ambao mvua za Ituri hurudi. Kingo za Kwaresima huhama, kiini chake hakihami, na kiini hicho ni wakati wa kupanda.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote. Mwanahistoria makini atauliza: je, huku si kuyapamba mauaji kwa mashairi ya kalenda? Wauaji hawakuangalia misale. Vita vilikuwa na sababu zake: dhahabu ya Kilo iliyochimbwa tangu mwanzo wa karne ya ishirini, majeshi ya nchi jirani, makundi yenye silaha na wanasiasa waliotaka vyeo. Sina neno la kukanusha hayo, na sisemi kwamba Kwaresima ilisababisha lolote. Nasema kwamba ndiyo mizani ya kupimia hasara. Na hata kwenye sababu zenyewe, jembe halikuwa mbali. Mapigano yaliyowasha moto wa Ituri mwaka 1999 yalianzia Walendu Pitsi, wilayani Djugu, katika ugomvi wa mashamba makubwa ya hati na watu waliokuwa wakiishi ndani yake, ugomvi ambao sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliupa nguvu. Kabla ya vita kuitwa vya makabila, vilikuwa swali la nani ana haki ya kupanda wapi. Anayeisoma historia hii bila msimu wa kupanda anasoma matokeo bila kisa chake.

Mwaka 2025 kalenda ilijirudia siku kwa siku: Majivu tarehe 5 Machi, Pasaka tarehe 20 Aprili. Hata Waorthodoksi, ambao mara nyingi huwa na tarehe yao, waliungana nasi mwaka huo, hivyo Patmo na Nyakasanza ziliimba ufufuko siku moja. Februari ya mwaka huohuo askari wa Uganda waliingia tena Bunia, safari hii pamoja na jeshi la Kongo na dhidi ya makundi ya wanamgambo, huku jimbo la Ituri likiwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021 na kambi za wakimbizi wa ndani zikiwa bado zimejaa wakulima. Mambo mawili yanayofanana kwa tarehe si lazima yafanane kwa maana, na 2025 haikuwa 2003. Lakini mtu aliye kambini mwezi Machi ana tatizo lilelile la miaka ile. Akipewa maharage ya msaada atayala, kwa sababu hana mahali pa kuyazika. Mfungo wa hiari humwachia mtu mbegu mkononi na shamba mbele yake. Mfungo wa kulazimishwa humnyang'anya vyote viwili, na hapo hakuna Pasaka ya Juni. Wanaopanga amani ya Ituri, na wanaoiandika, waipime kwa swali hilo kila mwaka ifikapo katikati ya Machi: ni kaya ngapi zimepanda?